Eksoni ibaki au itoke: namna ya kupima uungaji mbadala wa RNA kwenye jeni za misuli na kumtambua anayeuongoza

Jeni ya ATP2A1 hutengeneza SERCA1, pampu inayorudisha kalsiamu ghalani ndani ya seli ya msuli ili msuli uliokaza uweze kulegea. Karibu na mwisho wa jeni hiyo kuna eksoni ya 22, yenye nyukleotidi (herufi) 42 tu. Eksoni ni kipande cha jeni ambacho kwa kawaida hubaki kwenye RNA iliyokamilika. Kwenye msuli wa mtu mzima eksoni hii hubaki ndani ya RNA. Kwenye msuli wa mtoto mchanga hutolewa. Kwa mtu mzima mwenye distrofi ya mayotonia aina ya 1, ugonjwa wa misuli wa kurithi, hutolewa tena, kana kwamba msuli umerudi utotoni. Ukisoma DNA ya ATP2A1 ya mgonjwa huyo hutaona kosa lolote. Kosa liko kwenye jeni nyingine kabisa, DMPK, ambamo herufi CTG zimejirudia mara 50 au zaidi, wakati fulani maelfu. RNA ya DMPK hujikunja kama pini ya nywele, ikainasa protini ya MBNL1 ndani ya kiini, na eksoni ya 22 ikakosa msimamizi wake.

Mfano huu unafaa kujifunzia kwa sababu hatua zake zote zinajulikana. Mwongozo huu unautumia kuonyesha namna ya kujibu maswali matatu, kwa mpangilio huu: je, uwiano wa RNA zenye eksoni na zisizo nayo umebadilika kweli? Nani anaubadilisha? Ameshika wapi kwenye RNA? Anayerukia swali la pili kabla ya kulimaliza la kwanza hupoteza miezi, na kosa hilo ndilo linaloonekana mara nyingi kuliko yote.

Uungaji, humu ndani, ni kazi ya kukata introni, yaani vipande vya RNA vilivyo kati ya eksoni, na kuunga eksoni zilizobaki. Uungaji mbadala ni pale jeni moja inapoungwa kwa namna zaidi ya moja.

Mashine na wasimamizi wake

Introni karibu zote huanza na GU na kuishia na AG. Nyukleotidi 18 hadi 40 hivi kabla ya AG kuna A ya tawi, na kati ya hizo mbili kuna mfululizo mrefu wa C na U. Sehemu za mashine ya uungaji hukaa hivi: chembe ya U1 hushika GU ya mwanzo, SF1 hushika A ya tawi, U2AF2 hushika mfululizo wa C na U, U2AF1 hushika AG. Kisha chembe ya U2 humwondoa SF1 na kukaa mahali pake. Eksoni ambazo mahali pake pa kukatia ni imara hazihitaji kusaidiwa. Eksoni mbadala kwa kawaida ni dhaifu mahali fulani: mfululizo wa C na U ni mfupi, au GU imezungukwa na herufi zisizolingana vizuri na U1. Udhaifu huo ndio mlango anaopitia msimamizi, yaani protini inayoamua eksoni ibaki au itoke.

Kwenye msuli wasimamizi wa kuwajua kwanza ni hawa, pamoja na herufi wanazozisoma (Y ni C au U):

- MBNL1 na MBNL2: YGCY, hasa UGCU. Kazi yao huongezeka msuli unapokomaa.
- CELF1: sehemu zenye UGU na GU nyingi. Kwenye moyo wa panya hupungua zaidi ya mara 10 katika wiki 3 za kwanza baada ya kuzaliwa, huku MBNL1 ikipanda karibu mara 4.
- RBFOX1 na RBFOX2: UGCAUG.
- PTBP1 na PTBP2: UCUU na CUCUCU. Msuli unapokomaa, miR-133, RNA ndogo, huikandamiza PTBP2.
- QKI: ACUAAY.
- RBM20: UCUU. Inafanya kazi moyoni hasa, juu ya RNA ya titini, protini kubwa ya msuli.

Tazama kwamba PTBP1 na RBM20 zote husoma UCUU. Kuona herufi fulani kwenye introni kunakupa mshukiwa tu. UGCU hutokea kwa bahati mara moja katika kila nyukleotidi 256, kwa hiyo introni ya nyukleotidi 2,000 itakuwa nazo karibu 8 hata kama MBNL1 haijawahi kuikaribia. Tafuta kundi: tatu au zaidi ndani ya nyukleotidi 50 hivi, zilizo ndani ya nyukleotidi 300 kutoka kwenye eksoni, na zilizohifadhiwa kati ya binadamu na panya.

Jambo lenye uzito kuliko yote hapa ni mahali. Kusema "MBNL1 huongeza eksoni" ni nusu ya sentensi. Kwenye ATP2A1 MBNL1 hushika introni ya 22, yaani baada ya eksoni, na eksoni hubaki. Kwenye TNNT2, jeni ya troponini T ya moyo, hushika introni ya 4, kabla ya eksoni ya 5, karibu na mfululizo wa C na U. Hapo humzuia U2AF2 kukaa, na eksoni hutoka. RBFOX hufuata kanuni hiyo hiyo: UGCAUG baada ya eksoni huibakiza, kabla ya eksoni huitoa. Kwa hiyo protini moja ikipotea, baadhi ya eksoni zitapanda na nyingine zitashuka, na hakuna mgongano wowote kwenye matokeo yako.

Seli

Seli za C2C12, seli changa za msuli wa panya, ndizo rahisi kuanza nazo. Zikuze kwenye DMEM (majimaji ya kukuzia seli) yenye glukosi nyingi na 10% ya seramu ya kijusi cha ng'ombe, 37 °C, CO2 5%. Zigawe zinapofunika 60–70% ya sahani. Zikiachwa zijae, zile zenye uwezo mzuri wa kukomaa hukomaa na kuacha kugawanyika, nawe unabaki na uzao wa zile zisizokomaa. Kosa hilo halirekebishiki. Yeyusha kichupa kingine cha mapema.

Ili zikomae, subiri zifunike 90–100% ya sahani, zioshe mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa), kisha weka DMEM yenye 2% ya seramu ya farasi. Badilisha kila baada ya saa 24 hadi 48. Kati ya siku ya 4 na ya 6 utaona mirija mirefu yenye viini vingi. Chukua sampuli siku ya 0, ya 2 na ya 5. Ukibadilisha chupa ya seramu ya farasi katikati ya jaribio, kasi ya kukomaa hubadilika, na uungaji hubadilika nayo. Tenga chupa moja kwa jaribio zima.

Siku ya 0 Atp2a1 huwa karibu haipo. PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane kwenye jeli) ya sampuli hiyo hutoa bendi hafifu inayoyumba kutoka kirudio hadi kirudio, usiipigie hesabu. Ukitaka mfululizo wa siku zote, pima jeni inayofanya kazi tangu mwanzo, mfano eksoni ya 5 ya Mbnl1 yenyewe (nyukleotidi 54) au kipokezi cha insulini, Insr, eksoni ya 11 (nyukleotidi 36). Eksoni ya 5 ya Mbnl1 ina faida ya ziada: protini ya MBNL1 huitoa eksoni hiyo kwenye RNA yake yenyewe, kwa hiyo MBNL1 ikipungua eksoni hupanda. Ni kipimo kizuri cha ndani cha kujua kama jaribio lako la kuipunguza limefanya kazi.

RNA na cDNA

Kisima kimoja cha sahani ya visima 6 huhitaji mililita 1 ya TRIzol, kimiminika cha kutolea RNA. Imimine moja kwa moja juu ya seli zilizooshwa, ipandishe na kuishusha kwa pipeti mpaka isiwe na uzi, acha dakika 5. Ongeza mililita 0.2 za klorofomu, tikisa sekunde 15, acha dakika 3, zungusha 12,000 × g kwa dakika 15 kwenye 4 °C. Tabaka la juu lisilo na rangi ndilo lenye RNA. Lichukue lakini acha milimita moja au mbili juu ya utando mweupe. Utando huo ni DNA, na tamaa ya kupata RNA zaidi hapa huleta bendi za ajabu baadaye. Ongeza mililita 0.5 za isopropanoli, acha dakika 10, zungusha dakika 10, osha kwa mililita 1 ya ethanoli 75%, zungusha 7,500 × g dakika 5, kausha dakika 5 hadi 10 bila kuikausha kupita kiasi, yeyusha kwa maikrolita 30 za maji yasiyo na RNasi.

Kwenye maabara ambako umeme hukatika na friji ya −80 haina jenereta ya uhakika, simama kwenye hatua ya ethanoli 75%. RNA iliyozama chini ya ethanoli hukaa wiki moja kwenye 4 °C na hadi mwaka kwenye −20 °C. Ikishayeyushwa kwenye maji, kila kukatika kwa umeme kunaiumiza.

Pima usafi wa RNA kwa uwiano wa mwanga inaoufyonza: A260/A280 iwe karibu na 2.0, na A260/A230 zaidi ya 1.8. Ya pili ikiwa chini, kuna mabaki ya fenoli au guanidini. Osha upya kwa ethanoli kabla ya kuendelea, maana mabaki hayo hudhoofisha kimeng'enya cha kutengeneza cDNA, yaani nakala ya DNA ya RNA hiyo.

Tibu maikrogramu 1 ya RNA kwa DNasi, kimeng'enya kinachovunja DNA, kisha tengeneza cDNA kwenye maikrolita 20 kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) za heksama mchanganyiko. Praima za oligo-dT zinafaa kwa eksoni iliyo karibu na mkia, kama hii ya 22. Kwa RNA ndefu na eksoni zilizo mbele, kimeng'enya hushindwa kufika na unapima zile chache zilizofikiwa. Kwa kila sampuli tengeneza mrija mmoja usio na kimeng'enya. Ukitoa bendi, DNA haijaisha.

PCR: praima nje, mizunguko michache

Weka praima moja kwenye eksoni ya 21 na nyingine kwenye eksoni ya 23, ili jozi moja ikuze RNA za aina zote mbili ndani ya mrija mmoja. Hapo makosa ya kupima kiasi yanazigusa zote sawa. Bidhaa fupi iwe kati ya bp (jozi za herufi za DNA) 120 na 250. Tuseme fupi ni bp 180. Ndefu itakuwa 222.

Kwa maikrolita 20: cDNA maikrolita 1, kila praima 0.3 µM. 95 °C dakika 3. Kisha 95 °C sekunde 30, 60 °C sekunde 30, 72 °C sekunde 30. Mwisho 72 °C dakika 5. Idadi ya mizunguko usiibuni. Chukua sampuli moja, igawe kwenye mirija minne, itoe kwenye mzunguko wa 22, 25, 28 na 31. Uwiano wa bendi mbili unapaswa kubaki ule ule mpaka mahali fulani, halafu kuanza kuyumba, mara nyingi kwa faida ya bendi fupi. Fanya kazi mizunguko miwili au mitatu chini ya mahali hapo. Kwa jeni yenye nguvu kama Atp2a1 siku ya 5, 24 hadi 27 hutosha.

Tofauti ya nyukleotidi 42 hutengana vizuri kwenye agarosi ya 3%. Chini ya 30, nenda kwenye poliakrilamidi ya 8%. Endesha polepole, volti 5 kwa sentimita. Piga picha ambayo hakuna bendi iliyojaa mwanga. Bendi iliyojaa haina namba ya kweli ndani yake, hata kama inapendeza kwenye slaidi.

Sasa hesabu. Kipimo kinaitwa PSI: katika kila RNA 100, ngapi zina eksoni. Rangi nyingi za jeli hung'aa kulingana na urefu wa DNA, kwa hiyo molekuli moja ndefu hung'aa zaidi ya moja fupi. Gawanya mwanga kwa urefu kwanza.

Ndefu: mwanga 8,400 ÷ 222 = 37.8
Fupi: mwanga 1,800 ÷ 180 = 10.0
PSI = 37.8 ÷ (37.8 + 10.0) = 79%

Bila kugawanya ungepata 82%. Hapa tofauti ni ndogo kwa sababu eksoni ni fupi. Chukua eksoni ya nyukleotidi 200 na bidhaa fupi ya bp 150: bendi mbili zenye mwanga sawa zinaonekana ni 50%, kumbe PSI ya kweli ni 30%. Ukilinganisha sampuli zako na za maabara nyingine bila kujua kama wao waligawanya, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Ukiona bendi ya tatu juu ya bendi ndefu, usikimbilie kutangaza aina mpya ya RNA. Mara nyingi ni uzi mmoja wa bidhaa ndefu uliojishika na uzi wa bidhaa fupi. Kipande kisicho na mwenza hutokeza kama nundu, na DNA hiyo hutembea polepole kwenye jeli. Hutokea praima zinapoanza kuisha. Punguza mizunguko, au chukua maikrolita 2 za bidhaa, ziweke kwenye maikrolita 18 za mchanganyiko mpya, endesha mzunguko mmoja tu. Bendi ikitoweka, jibu umelipata. Ikibaki, ikate, isafishe, uisome herufi zake.

Virudio vitatu maana yake sahani tatu zilizokomazwa mara tatu tofauti. PCR tatu za RNA ile ile zinapima mkono wako, hazipimi seli.

Mtego wa RNA inayoharibiwa

PSI hupima RNA zilizobaki hai. Eksoni ikileta kodoni ya kikomo kabla ya wakati wake, zaidi ya nyukleotidi 50 hadi 55 kabla ya maungio ya mwisho ya eksoni, seli huiharibu RNA hiyo mara inaposomwa. Hapo unaweza kuona PSI ya 10% wakati uungaji wenyewe ulitoa 50%. Mfano wa msuli ni eksoni ya 7a ya CLCN1, njia ya kloridi: ikiingia, fremu ya usomaji huvurugika, njia za kloridi hupungua, na msuli hushindwa kulegea. Hiyo ndiyo mayotonia yenyewe.

Kabla ya kuamua, weka sikloheksimidi, dawa inayosimamisha usomaji wa RNA na hivyo uharibifu huo, maikrogramu 100 kwa mililita kwa saa 4 hadi 6, kisha toa RNA. Pima pembeni eksoni ya 4 ya Srsf3, ambayo inajulikana kuharibiwa kwa njia hii: ikipanda, dawa imefanya kazi. Eksoni yako nayo ikipanda sana, sema wazi kwamba PSI yako ya kawaida ni ya RNA zilizosalimika.

Nani? Kupunguza msimamizi

Kwa C2C12, weka siRNA (RNA fupi inayoizima jeni iliyolengwa) ya nanomola 20 hadi 50 seli zikiwa 50–60% ya sahani, acha saa 24, kisha anza kuzikomaza. Mirija iliyokwisha kuungana haipokei siRNA vizuri. Kwa sampuli ya siku ya 5, rudia siku ya 2. Tumia siRNA mbili zenye mfuatano tofauti kwa kila jeni, na moja isiyolenga kitu. siRNA mbili zikitoa majibu yanayopingana, moja inagusa jeni nyingine, usichague inayokupendeza.

Thibitisha kwa protini, kwa kingamwili kwenye utando, maana RNA inaweza kushuka kwa 80% na protini ya zamani ikabaki siku kadhaa. MBNL1 hutokea karibu kDa 40 hadi 42. Kisha kuna mambo mawili yanayowaangusha watu.

La kwanza, MBNL2 hufidia. Kupunguza MBNL1 peke yake huenda kukaonyesha badiliko dogo la eksoni ya 22 ukadhani haihusiki. Punguza zote mbili. Tena eksoni hazijibu kwa kiwango kimoja cha MBNL1: nyingine huanza kuyumba protini ikipungua kidogo, nyingine hutulia mpaka ibaki kiduchu. Eksoni isiyobadilika kwa upungufu wa nusu bado haijatoka kwenye orodha.

La pili ni zito zaidi. Wasimamizi hawa ni sehemu ya ukomavu wenyewe. Ukipunguza RBFOX2, seli hushindwa kuungana kuwa mirija, na sehemu ya sababu ni kwamba Mef2d haibadili eksoni zake kwenda kwenye umbo la msuli. Seli ambayo haijakomaa itakuwa na uungaji wa kitoto kwenye jeni mamia, zikiwemo ambazo RBFOX2 haijazigusa. Kwa hiyo kila mara pima pia myogenini na mayosini nzito, protini zinazoonyesha ukomavu wa msuli, na hesabu asilimia ya viini vilivyomo ndani ya mirija. Ukomavu ukiwa umeshuka, huna haki bado ya kusema msimamizi anashika eksoni hiyo. Rudia kwa kumpunguza kwenye mirija iliyokwisha kukomaa kwa kutumia virusi, au nenda kwenye jeni ndogo ya kupandikiza, inayoelezwa hapa chini.

Wapi? Jeni ndogo kwenye plasmidi

Nakili kutoka DNA ya jenomu eksoni mbadala, eksoni zinazoizunguka, na introni zilizo kati yao. Introni zikiwa ndefu mno, acha angalau nyukleotidi 300 kila upande wa eksoni mbadala. Ziweke kwenye plasmidi (DNA ya duara ya kupandikiza), nyuma ya promota ya CMV, yaani kianzishi cha kunakili chenye nguvu. Praima za PCR moja angalau ikae kwenye sehemu ya plasmidi, isije ikakuza jeni ya seli yenyewe.

Kwenye kisima cha sahani ya visima 6 cha seli za binadamu za HEK293 au HeLa, weka jumla ya maikrogramu 1 ya DNA: nanogramu 500 za jeni ndogo, na nanogramu 500 zilizogawanywa kati ya plasmidi ya MBNL1 na plasmidi tupu. Panga 0, 100, 250 na 500 za MBNL1, iliyobaki tupu, ili jumla isibadilike. Toa RNA baada ya saa 24 hadi 48. Hapa DNasi ni lazima mara mbili, maana seli zimejaa plasmidi, na plasmidi hutoa bendi kubwa yenye introni zote. Ukiiona bendi hiyo hata kwenye mrija usio na kimeng'enya cha cDNA, ni plasmidi. Isipoonekana kule, ni RNA ambayo bado haijaungwa.

PSI ikipanda hatua kwa hatua kadiri MBNL1 inavyopanda, sasa vunja mahali inaposhika. GC ya katikati ndiyo inayobeba uzito kwenye UGCU. Igeuze, mfano UGCU iwe UCGU. Usiifanye UAAU: umeondoa MBNL1 ukamkaribisha QKI, ambaye UAAY ni nusu ya anwani yake. Kabla ya kuagiza mabadiliko yoyote, yapitishe kwenye MaxEntScan, programu ya kupima nguvu ya mahali pa kukatia, uone kama hayajazaa mahali papya pa kukatia, na yasome mwenyewe ukiwa na orodha ya herufi za wasimamizi mkononi. Kompyuta haijui nini unachojali.

Kwenye TNNT2 tahadhari huongezeka. Mahali pa MBNL1 pako jirani na mfululizo wa C na U, hivyo badiliko linaweza kumdhoofisha U2AF2 moja kwa moja. Kinachokuonyesha ni sampuli ya badiliko bila MBNL1 ya ziada. Kama umeondoa mzuiaji tu, PSI itapanda au kubaki, kwa kuwa HeLa zina MBNL1 yao kidogo. PSI ikishuka, umeharibu eksoni yenyewe.

Jeni ndogo ina upungufu wake: imetolewa nyumbani kwake. Kasi ya kunakiliwa si ile ya kwenye kromosomu, nayo ni nyingi kiasi cha kuwamaliza wasimamizi. Kwa hiyo malizia kwenye jeni ya asili. Tengeneza oligo pinzani ya morfolino (kipande cha sintetiki kinachojishikiza kwenye RNA na kuifunika) ya nyukleotidi 25 inayofunika kundi la UGCU kwenye introni ya 22, uiingize kwenye mirija ya C2C12, na nyingine ya ukubwa huo huo ifunike sehemu ya introni isiyo na kitu. Ya kwanza ikishusha PSI na ya pili isiishushe, umeonyesha mahali pale pana kazi. Kuonyesha kwamba ni MBNL1 iliyokaa pale kunahitaji CLIP: mwanga wa UV wa nanomita 254 hufunga protini kwenye RNA ndani ya seli hai, kisha protini huvutwa kwa kingamwili na RNA iliyoshikwa husomwa.

Morfolino hizo hizo zimekuwa dawa mikononi mwa watafiti. Mwaka 2007 iliyofunika mahali pa kukatia pa eksoni ya 7a ya Clcn1 iliondoa mayotonia kwenye misuli ya panya. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha eteplirsen, morfolino inayorusha eksoni ya 51 ya jeni ya DMD, yenye eksoni 79, kwa sehemu ya wagonjwa wa distrofi ya Duchenne. Ndiyo maana usahihi wa herufi chache hizi una uzito kwa watu halisi.

Kusoma RNA zote kwa pamoja

Ukiwa na fedha ya kusoma RNA nzima, nunua kina (visomo vingi kwa kila sampuli) kabla ya idadi ya hali. Uungaji hupimwa kwa visomo, yaani vipande vya RNA vilivyosomwa, vinavyovuka maungio tu, na hivyo ni sehemu ndogo ya vyote. Jozi milioni 50 hadi 100 kwa sampuli, visomo vya nyukleotidi 100 hadi 150 kutoka pande zote mbili, sampuli tatu kila upande. Vipange kwenye jenomu kwa programu ya STAR kwa mizunguko miwili, kisha upime uungaji kwa rMATS au MAJIQ.

Eksoni iliyobaki ina maungio mawili, iliyotoka ina moja, kwa hiyo yale mawili hupigwa wastani. Ukiwa na visomo 36 upande wa kushoto, 44 upande wa kulia na 10 vya kuruka: wastani ni 40, PSI ni 40 ÷ 50, yaani 80%. Kama kushoto ni 70 na kulia ni 10, usimwamini wastani wa 40. Kuna mahali pengine pa kukatia ambapo programu haijapaona. Fungua picha ya visomo kwenye IGV, programu ya kutazama jenomu, uitazame kwa macho. Tupa eksoni zenye visomo vya maungio chini ya 20, chukua zenye badiliko la PSI la pointi 10 au zaidi na FDR (kadirio la matokeo ya uongo) chini ya 0.05, kisha thibitisha 8 hadi 10 kwa PCR ya jeli, zikiwemo mbili au tatu ambazo programu imesema hazikubadilika.

Titini, TTN, usiipime kwa njia ya jozi moja ya praima. Ina eksoni zaidi ya 360, na RBM20 huamua kuhusu nyingi zake kwa mpigo: ikifanya kazi, moyo hupata titini fupi na ngumu ya N2B, ikiharibika, hubaki ndefu na laini ya N2BA, na moyo hutanuka. Visomo vifupi haviwezi kusema eksoni ya mbali ya mbele ilikuwa kwenye RNA moja na ya nyuma. Tumia jeli ya agarosi yenye SDS kuzitenganisha protini zenyewe, kwa 1% ya agarosi. Iendeshe kwenye baridi kwa saa kadhaa, na utie kipande cha moyo wa panya aliyekomaa pembeni kama kipimo cha N2B.